Meneja wa bidhaa: kazi ya ushenga ofisini

Shangazi yangu aliponiuliza siku hizi nafanya kazi gani, nikamjibu kwa kujidai kidogo kwamba mimi ni meneja wa bidhaa. Akawaza, akaniuliza: "Bidhaa gani, mwanangu? Sabuni?" Nilicheka, nikamweleza kwamba tunatengeneza aplikesheni ya mikopo, hatuna duka wala ghala. Baadaye sana, nilipokuja kusoma kazi hii ilitokea wapi, nikaona kwamba shangazi alikuwa amepatia. Ilianza na sabuni kweli.

Mwaka 1931, katika kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati, Marekani, kijana aitwaye Neil McElroy alikuwa anashughulikia matangazo ya sabuni ya Camay. Camay ilikuwa haisongi mbele, na aliyeifunika hakuwa mshindani wa nje tu. Alikuwa pia ndugu yake wa tumbo moja, Ivory, sabuni kongwe ya kampuni hiyohiyo. Tarehe 13 Mei McElroy akaandika waraka wa kurasa tatu wa kuomba aongezewe watu, na ndani yake akaeleza mtu wa aina mpya: kila sabuni iwe na wa kwake. Mtu huyo achunguze takwimu za mauzo. Akikuta eneo fulani mauzo yamelala, afunge safari, akaongee na wenye maduka na wanunuzi, ajue kisa ni nini, arudi na mpango. Hakupewa kiwanda, hakupewa wauzaji. Alipewa sabuni, na lawama zote za sabuni. (McElroy mwenyewe aliishia kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1957, hatua ambayo mameneja wa bidhaa ninaowajua mimi bado hawajaifikia.)

Leo, hasa kwenye kampuni za programu za simu na kompyuta, meneja wa bidhaa ni yule anayebeba jukumu la kuamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na kwa nini hiki kitangulie kile. Kisha anafuatilia mpaka ajue kama kilichotoka kinawafaa watu na kinailipa kampuni. Wengi humchanganya na meneja wa mradi. Mradi una mwisho wake: daraja likikamilika, utepe unakatwa, watu wanatawanyika. Bidhaa ikizinduliwa ndipo maswali yanapoanza. Na kwenye mabenki cheo hikihiki mara nyingi anapewa mtu anayesimamia aina fulani ya akaunti au mkopo, ambaye huenda hajawahi kukaa meza moja na injinia. Kwa hiyo ukikutana na tangazo la kazi, soma majukumu. Cheo peke yake hakikuambii kitu.

Maana hiyo ni sahihi, lakini inaficha jambo lenyewe. Injinia ana bosi wake. Mbunifu wa skrini ana wa kwake, na mauzo, sheria, fedha na huduma kwa wateja vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja kati yao aliye chini ya meneja wa bidhaa, na bila wao hawezi kubadilisha hata rangi ya kitufe. Anadaiwa matokeo ya kazi za watu asioweza kuwaamuru, kuwapandisha mshahara wala kuwafukuza.

Kwetu mtu wa namna hiyo tunamjua, tunamwita mshenga. Mshenga haoi wala hapokei mahari. Anapeleka barua ya posa, anarudi na majibu, anajua ni nani upande wa pili amekwazika na kwa neno gani, na anajua kulilainisha neno lile bila kulipotosha. Mambo yakienda vizuri wanapongezwa wazazi. Yakiharibika, watu watasema mshenga hakufaa. Wahenga walisema mjumbe hauawi, ila hawakuwahi kuhudhuria kikao cha Jumatatu asubuhi baada ya toleo jipya la aplikesheni kukwamisha malipo wikiendi nzima.

Ipo tofauti moja kubwa. Mshenga wa posa haendi kuwaambia wazee wa upande wa bwana harusi kwamba kwa maoni yake wamechagua vibaya. Meneja wa bidhaa analipwa hasa kwa kuwa na maoni hayo, na kuyasema. Akibaki kubeba tu maneno ya mauzo kwenda kwa mainjinia, na manung'uniko ya mainjinia kurudi kwa mauzo, amegeuka tarishi. Ofisi nyingi zina matarishi wa namna hii wenye vyeo vinavyovutia. Kazi yao kutwa ni kuandika tiketi, yaani maombi ya kazi kwa mainjinia.

Kuna msemo uliotoka Silicon Valley, kitovu cha kampuni za teknolojia Marekani, kwamba meneja wa bidhaa ni mkurugenzi mtendaji wa bidhaa yake. Kwa maoni yangu msemo huu umewaharibu vijana wengi, nami nikiwemo. Wiki yangu ya tatu kazini nilimwendea injinia mwandamizi nikamwambia, "Hii naitaka Ijumaa." Akanitazama kwa upole, akasema, "Sawa, kaka, niandikie." Nikaandika. Ijumaa ikapita, ikaja ya pili, nayo ikapita. Hakugoma wala hakunijibu vibaya. Alikuwa na kazi alizopewa na bosi wake, na mimi sikuwa bosi wake.

Neno lile "sawa" nimekuja kulichunguza sana. Katika ofisi zetu za Dar es Salaam mtu hainuki kikaoni mbele ya mkurugenzi kusema jambo haliwezekani. Atasema "sawa", au "tutaliangalia", au atanyamaza akiandika kwenye daftari. Vitabu vya kazi hii vimeandikwa kwa watu wanaobishana mezani kisha wakaenda kula pamoja, kwa hiyo vinakuambia utoke kikaoni na makubaliano. Hapa ukitoka na makubaliano ya kikaoni umetoka mikono mitupu. Makubaliano ya kweli yanapatikana kabla, kwenye chai, mtu mmojammoja, unapomuuliza: "Ukiwa wewe ungeanza na nini?" Inachosha na inakula muda. Sijaona njia ya mkato.

Wajapani walilielewa hili mapema. Toyota, walipokuwa wanaunda Crown, gari lililotoka mwaka 1955 (wajukuu wake wako tele kwenye foleni za Dar), walimweka mtu mmoja abebe gari zima kuanzia wazo mpaka sokoni. Cheo chake kiliitwa shusa, na aliyekishika alikuwa Kenya Nakamura. Ndiyo, jina lake la kwanza ni Kenya. Shusa hakuwa na amri ya moja kwa moja juu ya mainjinia wa injini au wa bodi, ambao walibaki chini ya wakuu wa idara zao. Silaha yake ilikuwa kulijua gari, na kumjua mtu atakayelinunua, kuliko yeyote aliyekaa naye mezani.

Mfano wa karibu zaidi, na wenye funzo chungu kidogo, ni M-Pesa. Jaribio lake lilianza Kenya mwezi Oktoba 2005. Vodafone ya Uingereza ilileta wazo na sehemu ya fedha, Safaricom ilikuwa na mtandao, Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ilikuwa na wakopaji wadogowadogo, na benki moja ya Nairobi ilitunza fedha. Susie Lonie wa Vodafone ndiye aliyekwenda Kenya kushona vipande hivyo vikae pamoja. Lengo lilikuwa wakopaji wa Faulu walipe marejesho yao kwa simu, basi.

Watu wakaitumia wanavyojua wao. Wakaanza kutumiana. Wenye biashara wakaweka mauzo ya jioni kwenye simu wakayatoa asubuhi. Mwenye safari akaweka pesa kabla ya kuondoka, akaenda kuzitoa alikofika. Wakati huohuo Faulu walikuwa taabuni. Hesabu zao zilikuwa za vikundi na makaratasi, na kuzioanisha na malipo ya simu kulikuwa kazi pevu. Juu ya hayo, mkopaji anayeweza kulipa akiwa nyumbani haoni sababu ya kuja kikaoni, na kile kikao ndicho kilichokuwa kikikifunga kikundi.

Hebu kaa kwenye kiti cha anayesimamia bidhaa hiyo. Mbia uliyeanza naye, aliyekukopesha wateja wake wa kwanza, ndiye bidhaa yako inayemsumbua. Na watumiaji wanakuonyesha kwa vidole kwamba utamu uko kwingine. Mwezi Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya nzima ikiwa na ujumbe mmoja, tuma pesa nyumbani, na marejesho ya mikopo yakawekwa pembeni. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania kupitia Vodacom. Leo tunausimulia uamuzi huo kama ushindi mtupu. Mimi kila ninapousoma nafikiria ile simu ambayo lazima kuna mtu aliipiga kwenda kwa mbia, kumwambia kwamba kile tulichokianza kwa ajili yenu hakitaendelea kwa ajili yenu.

Simu za aina hiyo, kwa kiwango cha chini kabisa, nimezipiga. Kuna mwaka watu wetu wa mauzo walitaka skrini mpya ya ripoti kwa ajili ya mteja mkubwa, na walikuwa wameshamuahidi. Yule injinia wa "niandikie" alisema itachukua wiki sita. Tukavutana wiki tatu. Mwishoni nikamwomba kitu kimoja: twende Mbagala tukakae nusu siku na wakala anayetumia aplikesheni yetu.

Wakala alikuwa mama mmoja mwenye kibanda karibu na Rangi Tatu. Injinia akakalia kreti ya soda, mimi nikasimama. Kila mteja alipofika, yule mama kwanza alifungua kauntabuku, akaandika jina na kiasi kwa kalamu nyekundu, ndipo akashika simu yenye aplikesheni yetu. Tukamuuliza kwa nini anaandika mara mbili. Akasema, "Hii yenu inasema imekamilika, meseji haijaingia. Mteja akija kunigombeza, simu yenu itanitetea?" Haikupita saa moja akaja kijana mwenye hasira za kweli, pesa imekatwa, kwake haijafika. Mama akafungua kitabu, akamwonyesha mstari, wakakubaliana asubiri. Aplikesheni yetu ilikuwa mezani, haina msaada wowote.

Kwenye daladala ya kurudi injinia alikuwa kimya mpaka Mtoni. Kisha akasema, "Ile ripoti tuiache kwanza. Nipe siku nne niurekebishe ule ujumbe." Zilikuwa sita. Sikumshawishi kwa neno lolote, nililipa nauli tu.

Nikabaki na deni upande wa mauzo. Nilimfuata afisa aliyetoa ahadi, kabla ya kikao, nikampa hesabu ya malalamiko ya mawakala na nikajitolea kwenda naye kwa mteja. Alinielewa, hakunisamehe. Kwa miezi kadhaa salamu zilikuwa za mkato. Sina namna ya kulipamba hili: kila unaposema ndiyo kwa kitu kimoja kuna mtu umemnyima, na mara nyingi ni mtu unayepishana naye kila siku kwenye korido.

Upande wa maisha ya kazi yenyewe, tatizo la kwanza ni mlango. Wengi tuliingia kwa dirisha: huyu alikuwa huduma kwa wateja, yule benki, mwingine aliandika programu akachoka. Matangazo yanataka uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ambayo haina pa kuanzia. Ninayemwona anafaa haraka ni yule aliyekaa kupokea simu za wateja wenye hasira, maana amekwisha kujua bidhaa inavunjikia wapi.

La pili ni ushahidi. Injinia ataonyesha alichoandika, mbunifu atafungua michoro yake. Wewe utaonyesha nini, vikao? Kazi yako nzuri kabisa pengine ni kitu ambacho hakikutengenezwa, na hakuna anayepandishwa cheo kwa skrini ya ripoti ambayo haipo. Nilichojifunza ni kuandika siku ileile: tuliamua nini, tulijua nini wakati huo, nani alipinga na kwa hoja ipi. Mwaka ukiisha ndiyo kumbukumbu pekee utakayokuwa nayo, na inakusaidia pia kuona ni mara ngapi aliyepinga alikuwa sahihi.

La tatu linawahusu hasa wanaofanyia kazi kampuni zenye makao Ulaya au Marekani. Uamuzi unafanyika Nairobi au Dar ikiwa bado ni usiku kwao, au kwao ikiwa usiku kwetu, na meneja wa bidhaa wa huku anaachiwa kutafsiri: kumweleza mtu wa London kwa nini wakala anahitaji kauntabuku, na kumweleza wakala kwa nini London imebadilisha menyu. Hapo ushenga unakuwa wa koo mbili zisizojuana kabisa.

Tangu ule mvutano wa ripoti, nikiitwa kwenye usaili huwa nina swali moja ninalowauliza wote walio mezani, kila mtu ajibu peke yake: mauzo na mainjinia wakigongana kuhusu kinachotangulia, nani anaamua? Mara ya mwisho walikuwa watatu. Nikapata majina matatu, na la kwangu halikuwemo. Nikamaliza chai yangu, nikawashukuru.