Bogoria: maji yanayoruka, heroe, na migunga iliyokufa ziwani

Nikiwapeleka watu Ziwa Bogoria, husimamisha gari kwanza pale ambapo migunga iliyokufa imesimama ndani ya maji. Wenye haraka hunung'unika. Wamekuja kuona maji yanayochemka na ndege, magogo ya nini? Lakini mimi ni mwanajiolojia wa jotoardhi, na nimelijia ziwa hili mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba hapa vyote, mvuke kwa ndege, hutii kimo cha maji. Ile migunga iliota nchi kavu. Ukishaitazama vizuri, mengine yote utakayoyaona siku hiyo yatajieleza.

Safari ya mwisho nilikwenda na dada yangu na mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Tuliondoka Nakuru alfajiri. Barabara ya Marigat huteremka polepole: Kampi ya Moto, kisha Mogotio, ambako unavuka ikweta kwenye nchi ya mkonge, kisha hewa inabadilika na kila mtu anaanza kufungua dirisha. Kandokando ya njia wamejipanga wauza asali na chupa zao. Karibu na Marigat vinaanza vichaka vya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, ambao sasa umeziba malisho ya watu. Kabla ya kuingia mjini tukakata kulia kuelekea Loboi. Lango la zamani la hifadhi lilimezwa na ziwa, pamoja na kipande cha barabara iliyokuwa ikifuata ufuo wa magharibi, kwa hiyo uliza njia ya sasa kabla hujatoka, usitegemee ramani ya zamani.

Kituo kikuu ni Loburu. Mvuke huonekana kabla hujashuka garini, hasa asubuhi hewa ikiwa bado na ubaridi. Saa sita mchana mvuke ule ule hauonekani sana na watu hudhani chemchemi zimelala. Bogoria ina chemchemi za maji moto zipatazo 200, na kati yake kuna zile za kuruka, ambazo hutulia, kisha hurusha maji juu, kisha hutulia tena. Zinazofika mita 5 ndizo kubwa. Mpwa wangu alisimama nyuma ya mawe ya mpaka, akatazama kimya, kisha akauliza, "Mjomba, nani anapika huko chini?"

Nilimjibu kwa githeri, mahindi na maharagwe yanayochemshwa pamoja. Anayeishi Nyandarua anajua kwamba githeri ya kule hula kuni nyingi kuliko ya Mombasa, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi, haiyakandamizi maji sana, nayo huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Bogoria iko takriban mita 990 juu ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Sasa geuza hesabu hiyo, ushuke badala ya kupanda. Maji yaliyo mita 10 chini ya ardhi, kwenye ufa mwembamba wa mwamba, yamebebeshwa uzito wa maji yote yaliyo juu yake. Hayo hayachemki kwa nyuzi 97. Yanahitaji karibu 118. Kwa hiyo yanakaa pale, yana moto kuliko maji yoyote ya jikoni, na bado ni maji matulivu.

Kisha kitu kidogo hutokea. Povu la mvuke au la hewa ya kaboni hupanda na kusukuma maji kidogo yamwagike mdomoni mwa chemchemi. Mzigo ukapungua. Maji ya chini yaliyokuwa yamezuiwa na uzito tu yanajikuta ghafla yamevuka kiwango chake cha kuchemka, sehemu yake inageuka mvuke mara moja, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mno kuliko maji. Njia ni moja tu, juu. Ufa ukishamwaga yaliyomo, maji mengine hupenya taratibu kutoka kwenye mwamba, hupashwa moto upya, na mzunguko unaanza tena. Mpishi aliyeulizwa ni mwamba wenye joto wa Bonde la Ufa, nchi ambayo tabaka lake la juu limevutwa mpaka likawa jembamba. Mvua inayonyesha milimani huzama kupitia nyufa, hupata joto kule chini na kurudi ikiwa katika hali hii.

Ili chemchemi iruke, vitu vitatu lazima vikutane: joto jingi karibu na uso wa ardhi, maji ya kutosha, na ufa wenye umbo linaloshikilia shinikizo bila kuvuja. Vikikutana ni bahati. Ndiyo maana duniani chemchemi za namna hii ni kama 1,000 tu, na karibu nusu ziko Yellowstone, Marekani, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1872 na yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 9,000. Nyingine ziko Kamchatka kule Urusi, El Tatio nchini Chile, New Zealand, na Iceland, iliyoipa dunia neno la Kiingereza la chemchemi hizi, geyser, kutokana na chemchemi yake iitwayo Geysir. Hifadhi ya Bogoria ina kilomita za mraba 107 tu. Hata hivyo, Afrika nzima hakuna mahali penye chemchemi nyingi za kuruka kama hapa. Mkenya anayesafiri na mayai yake ayachemshe Loburu anasimama mbele ya kitu adimu kuliko ndovu.

Kuhusu mayai: yachemshwe mahali ambapo mhifadhi anakuonyesha, na mtoto ashikwe mkono. Ukoko unaozunguka chemchemi unaweza kuwa mwembamba kama chapati, na chini yake ni maji yanayounguza nyama mpaka mfupani. Sisemi hili kwa kutisha. Watu wameungua.

Turudi kwenye migunga. Kuanzia mwaka 2010 hivi ziwa lilianza kupanda, na kufikia 2020 lilikuwa limekula ufuo kiasi kwamba watu walihofia litakutana na Baringo upande wa kaskazini, maji ya chumvi na magadi yaingie kwenye ziwa la maji baridi lenye samaki. Wapo wanaosema ni ardhi inayosogea. Mimi siafiki kwamba hiyo ndiyo sababu kuu. Naivasha, Nakuru, Baringo, Bogoria na Turkana zilipanda katika kipindi kile kile, na kila moja ina bonde lake na nyufa zake. Kinachoweza kuyagusa yote pamoja ni mvua, ikisaidiwa na milima iliyovuliwa miti, ambako maji hayasubiri tena kuzama.

Kwa chemchemi iliyo ufuoni, kupanda huko ni jambo zito. Kila mita moja ya ziwa inayolala juu ya mdomo wake huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kama 3, na maji ya ziwa, ambayo ni baridi kuliko yake, hupata mwanya wa kuingia ufani. Joto bado lipo, ufa bado upo, lakini hairuki tena.

Ndege nao wameguswa na maji hayo hayo. Heroe mdogo, yaani flamingo, hula kiumbe kidogo cha kijani kiitwacho spirulina, ambacho hustawi kwenye maji makali ya magadi. Ziwa likijaa maji ya mvua, magadi huzimuliwa, chakula hupungua, na heroe huhamia maziwa mengine. Mwaka fulani utakuta ufuo wote ni waridi. Mwaka mwingine utahesabu mamia tu na kurudi nyumbani umenuna. Walipo, watafute kwenye midomo ya chemchemi na vijito, kwa kuwa huko ndiko wanakokunywa na kuoga maji yasiyo makali kama ya ziwa. Na uinue macho mitini. Furukombe, tai ambaye kazi yake ni samaki, hapa amejifunza kuwinda heroe, maana samaki hakuna.

Tandala mkubwa ni mgumu zaidi. Hukaa kwenye vichaka vya mteremko, hasa upande wa genge la Siracho, na rangi yake na mistari yake humficha hata ukiwa umemkodolea macho. Dada yangu ndiye aliyemwona, dume, pembe zimejisokota, amesimama kivulini akituangalia pengine tangu tulipofika. Digidigi, nyani na ngiri hawahitaji kutafutwa.

Tulitembea na kiongozi mzee wa jamii ya Endorois. Dada yangu alimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akatuonyesha kilima ambako boma la babake lilikuwa. Bogoria ilitangazwa hifadhi mwaka 1973, na Waendorois wakaondolewa kwenye ardhi yenye malisho, dawa, chumvi ya mifugo na mahali pao pa ibada. Mwaka 2009 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba walidhulumiwa, na kwamba haki yao ya maendeleo ilivunjwa. Mgeni anayelipa langoni ajue anaingia kwa nani.

Kazi yangu ni kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, na ninaipenda. Hata hivyo nasema wazi: visima vya jotoardhi visichimbwe karibu na chemchemi hizi. Wairakei, New Zealand, palikuwa na bonde zima la chemchemi za kuruka. Mtambo wa umeme ulianza mwaka 1958, visima vikashusha shinikizo chini ya ardhi, na bonde likanyamaza. Kaunti ya Baringo ina Paka, Korosi na Silali, milima ya volkano yenye joto la kutosha; tuchimbe huko.

Kabla ya kuondoka mzee alitupeleka ukingoni, akanyoosha fimbo kuelekea majini, hatua kama arobaini hivi. "Pale ndipo palikuwa na ile kubwa," alisema. Hatukuona kitu mwanzoni. Kisha duara la mapovu likapanda, likatawanyika, maji yakatulia. Mpwa wangu alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi na nne mapovu yakapanda tena, naye akaanza upya, moja, mbili, na mzee akawa anahesabu pamoja naye.