Kidimbwi cha wanyamapori ni nini?

Ni shimo pana, lenye maji mafupi, linalochimbwa au kurekebishwa ili liwe makazi ya vyura, wadudu, ndege na mimea ya majini. Bwawa la samaki huwa na kuta zilizosimama na maji ya kiunoni. Hiki huanza na tope, maji yakafika kifundoni, na katikati yakafika magotini.

Mteremko huo wa polepole ndio kiini cha kazi yote. Kitwitwi hudonoa topeni, yangeyange huvua pale miguu yake inapofika, na viluwiluwi hukua haraka kwenye maji yanayopashwa joto na jua. Wingi wa maji pekee hausaidii. Ziwa Nakuru lilipofurika katika muongo wa 2010, chumvi yake ilizimuliwa, mwani unaoliwa na flamingo ukapungua, nao wengi wakahamia kwingine, Ziwa Bogoria likiwemo.

Kwetu uwanda wa Kano, karibu na Kisumu nchini Kenya, tuna bahati: udongo mweusi wa mfinyanzi hushika maji bila kutandikwa plastiki. Hata shimo lililoachwa na wafyatua matofali linafaa, mradi ukingo mmoja uchongwe ulale. Upande mmoja panda mafunjo, mwingine uache wazi. Mafunjo yana wenyewe: kuna ndege mwenye kifua chekundu, anayeonekana kwenye vinamasi vya Dunga na Yala kando ya Ziwa Victoria, ambaye haishi penginepo ila ndani ya mafunjo.

Na mbu je? Swali hili lina uzito, maana malaria inatuua. Baadhi ya mbu wa malaria wanaotusumbua hapa hupenda sana vijidimbwi vya muda vilivyo juani, kama nyayo za ng'ombe na alama za magurudumu, ambako wa kuwala watoto wao ni wachache; wengine huzaliana hata kwenye maji ya kudumu yenye mimea. Kidimbwi kinachodumu hupata watoto wa kereng'ende na mende wa majini, na hao hula viluwiluwi vya mbu kwa wingi. Hata hivyo hawawamalizi. Kichimbwe mbali na nyumba, majirani wakubali kwanza, na neti ibaki kitandani.

Kambare usimtie, atakula mayai ya vyura na watoto wao. Maji ya mvua yaelekezwe humo kupitia ukanda wa nyasi, yasitoke moja kwa moja kwenye shamba lililotiwa mbolea. Gugu maji likionekana, hata shina moja, ling'olewe siku hiyo hiyo na kuanikwa mbali na maji.