Je, wajua kwa nini pointi za leseni humuuma dereva kuliko faini?

Dereva anapigwa tochi, kile kifaa cha askari cha kupima kasi, pale Kibamba akiwa na kasi ya kilomita 78 kwa saa penye kibao cha 50. Anaandikiwa faini ya shilingi 30,000, anapewa namba ya malipo, analipa kwa simu, safari inaendelea. Wiki ijayo akinaswa Mlandizi, kiasi ni kile kile, na mara ya kumi vilevile. Nchi nyingi zilifika hapo zikajiuliza: huyu wa mara ya kumi tunamfanyaje? Ndipo zikaanza kuhesabu makosa kwa pointi kwenye leseni yenyewe.

Shida ya faini ni kwamba ina bei, na chenye bei hupangiwa bajeti. Kwenye daladala na mabasi ya mikoani hili liko wazi: dereva ana hesabu ya bosi, na tripu moja ya ziada inaweza kurudisha hela ya faini na chenji ikabaki. Faini inakuwa gharama ya kazi kama mafuta na ushuru wa stendi. Pointi hazilipiki kwa simu, na bosi hawezi kumlipia mtu pointi. Zinamfuata dereva hata akibadilisha gari, zikifika kikomo leseni inafungwa, na bila leseni hakuna hesabu ya kupeleka.

Uingereza huongeza pointi kila unapokosea. Kuzidisha kasi huanzia pointi 3 na faini ya pauni 100. Ukifikisha 12 ndani ya miaka 3, kwa kawaida unafungiwa angalau miezi 6. Dereva mpya ana nafasi finyu zaidi: pointi 6 katika miaka 2 ya mwanzo hufuta leseni, na atarudia mtihani wa nadharia na wa barabarani kama hajawahi kuendesha. Ufaransa wanahesabu kinyume. Leseni huanza na pointi 12, ya dereva mpya 6, na kila kosa hupunguza. Kuzidisha kasi kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi kunaondoa 6 kwa mpigo. Aliyepungukiwa anaweza kukaa darasani siku 2 akarudishiwa hadi pointi 4. Ujerumani kikomo ni 8 tangu mwaka 2014, na kabla ya kufikisha 8 dereva hutumiwa barua ya tahadhari, kisha ya onyo. Mfumo huu wa barua ni wa haki, kwa sababu hakuna anayeweza kudai adhabu ilimwangukia ghafla.

Kuna kiwango ambacho hawasubiri pointi zijae. Ujerumani, ukizidisha kwa kilomita 31 kwa saa ndani ya mji wenye kikomo cha 50, unapewa pointi 2 na unakaa mwezi mzima bila kuendesha. Uingereza, penye kikomo cha maili 30, yaani takriban kilomita 48, aliyefika maili 51 na kuendelea akipelekwa mahakamani hupewa pointi 6 au hufungiwa siku 7 hadi 56, na faini hukadiriwa kwa mapato yake: kianzio cha hesabu ni asilimia 150 ya kipato cha wiki. Finland nao hupima faini kubwa kwa mapato. Mwaka 2002 mkurugenzi mmoja wa Nokia aliyekimbia kilomita 75 penye 50 alitozwa yuro 116,000, na ilishuka baadaye alipothibitisha kuwa mapato yake yamepungua.

Kwa nini wawe wakali hivyo kwa tofauti ya kilomita 30? Chukua karatasi upige hesabu. Gari liko kwenye 50, lami kavu, breki nzima. Dereva anamwona mtoto akiingia barabarani. Sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu humla mita 14, breki zinamla nyingine 14. Gari limesimama kwenye mita 28. Sasa lete gari la pili, lile lile, kwenye 80. Sekunde ile ile ya kushtuka imeshameza mita 22. Zimebaki kama 6 za kufunga breki, na pale mwenzake aliposimama, huyu anapita bado yuko kwenye 73 hivi. Hajachelewa kidogo, ni kama hajagusa breki. Ndiyo maana kibao cha 50 husimikwa penye shule, soko na vivuko. Na alichookoa ni nini? Katika kilomita 10 zisizo na foleni, dakika nne na nusu.

Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka 50 penye makazi palipowekewa alama, na 80 kwa magari ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Mahakama ina uwezo wa kumfungia mtu leseni. Anayepinga kosa hana lazima ya kulipa pale pale, anaweza kwenda mahakamani. Kwanza omba kuona picha, ulinganishe namba ya gari, kasi na umbali.

Umbali ndio unaowachanganya wengi. Tochi ya leza hurusha mwanga unaorudi, ikapima jinsi umbali unavyopungua, na inaweza kukusoma ukiwa mita mia kadhaa kabla hujamwona askari. Kwa hiyo kasi ishuke kabla ya kibao, si baada ya kukipita, na isipande mpaka uvuke kile kilichofutwa kwa mistari. Askari akisimama pembeni sana, pembe humpunguzia dereva: kwa nyuzi 10, kasi ya 80 husomeka kama 78 na nukta. Kosa la kipimo cha namna hiyo halimwonei dereva. Dashibodi nayo kwa kawaida huonyesha zaidi kidogo ya kasi halisi, isipokuwa umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi likiongezeka kipenyo kwa asilimia 5, sindano iliyokuwa ikisoma sawasawa itaonyesha 50 wakati unakwenda 52.5.

Mfumo wa pointi una tundu lake, nalo ni jina. Kamera nyingi hunasa namba ya gari, hazimnasi mtu. Mwaka 2003 gari la mwanasiasa wa Uingereza, Chris Huhne, lilinaswa, mkewe akakubali kubeba pointi ili mume asifungiwe. Mwaka 2013, yeye akiwa ameshakuwa waziri na kujiuzulu, wote wawili walihukumiwa miezi 8 jela kwa kuipotosha haki. Ukiutazama mfumo huo kwa macho ya Dar es Salaam, unaona mara moja mahali utakapokwama: daladala ya asubuhi inaendeshwa na dereva mwenyewe, mchana amempa deiwaka, yaani dereva wa kibarua, jioni yuko mwingine asiyejulikana na bosi. Askari anayesimamisha gari anaweza kushika leseni mkononi na kuandika namba yake. Kamera iliyofungwa kwenye nguzo haiwezi, kwa hiyo mwenye gari lazima awe na daftari la nani alishika usukani, saa ngapi mpaka saa ngapi, na lazima abanwe kisheria kumtaja.