Wamarekani hawakufilisiwa na hisa: dhana potofu kuhusu Mdororo Mkuu

Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu alikuja kwangu na kiinua mgongo chake, na kabla hajaketi vizuri akanipa msimamo: "Kijana wangu, hisa usinitajie, na benki siitaki. Wamarekani walicheza hisa 1929, nchi nzima ikalala maskini." Alimaanisha Mdororo Mkuu, ule mporomoko wa uchumi wa miaka ya 1930. Fedha zote anazo ndani ya nyumba. Ni mteja wa nne mwaka huu kunieleza hivyo, na kila nikisikia naumia, kwa sababu simulizi hili linamfanya mtu aogope kisichomhusu na asiulize kinachomhusu.

Dhana: Soko la hisa lilianguka Oktoba 1929, Wamarekani wote wakafilisika

Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 120. Wenye akaunti kwa madalali wa hisa walikuwa kama milioni moja na nusu. Mkulima wa Kansas, mchomaji chuma wa Pittsburgh, mpishi wa nyumba za watu kule Atlanta, hao hisa walizisoma gazetini tu. Hata mwaka 1930 wasio na kazi walikuwa bado chini ya asilimia 10 kwa wastani. Kufikia 1933 walikuwa kama asilimia 25. Katikati ya tarakimu hizo mbili ziko benki.

Majimbo mengi yalizuia benki kufungua matawi, kwa hiyo nchi ilijaa maelfu ya benki ndogo, kila moja ikitegemea mji wake na wakulima wake. Bei ya mazao ikianguka, benki inayumba nayo. Miaka ya 1920 husimuliwa kama neema tupu, lakini benki zaidi ya 5,000 zilifungwa katika miaka hiyohiyo, nyingi zikiwa za vijijini. Jirani yao Kanada ilikuwa na benki chache zenye matawi nchi nzima, na katika mdororo uleule haikupoteza hata moja.

Hofu ikahamia mijini. Desemba 1930 wateja walifurika kwenye tawi la Bronx, jijini New York, la Bank of United States, na kesho yake benki ikafungwa, amana za watu wapatao 400,000 zikiwa ndani. Wengi walikuwa wahamiaji, mafundi cherehani na wenye vijiduka. Jina lilisikika kama la benki ya serikali, kumbe ilikuwa benki binafsi. Kati ya 1930 na 1933 zilifungwa benki zipatazo 9,000. Bima ya amana ya taifa haikuwapo, hivyo mjane aliyejinyima miaka ishirini alibaki kumsubiri mfilisi auze mali za benki, ndipo naye agawiwe kitakachopatikana.

Hapa huwaomba wateja wangu watulie wasikilize. Benki inayohofia foleni mlangoni hukusanya madeni na kuacha kukopesha. Kiwanda kinakosa cha kulipia mishahara, wafanyakazi wanaachishwa, nao hawanunui tena, bei zinashuka. Fedha katika mzunguko zilipungua kwa karibu theluthi moja. Mkulima aliyeuza busheli (kipimo cha nafaka) ya ngano kwa zaidi kidogo ya dola moja mwaka 1929, mwaka 1932 alipata senti 38. Deni lake lilibaki palepale: dola 1,000 zilizolipika kwa busheli kama 1,000 sasa zilidai zaidi ya 2,600. Ndiyo maana kule Iowa na Nebraska majirani walijaa kwenye minada ya mashamba, wakataja bei ya senti chache, wakamtisha mgeni aliyetaka kupandisha dau, kisha wakamrudishia mwenye shamba mali yake. Watu hao hawakuwahi kucheza hisa.

Machi 1933, siku mbili baada ya kuapishwa, Rais Roosevelt alifunga benki zote. Jumapili ya tarehe 12 akazungumza redioni, akaeleza kwa maneno mepesi benki hufanya nini na amana, akawahakikishia wananchi kwamba fedha zao zitakuwa salama zaidi katika benki itakayofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Benki zilipofunguliwa, watu walipanga foleni kurudisha fedha. Januari 1934 bima ya amana ikaanza, kinga ikiwa dola 2,500 kwa kila mweka amana. Mwaka huo zilifilisika benki 9 tu zenye bima.

Kwa hiyo, mzee wangu, usianzie kwenye riba. Uliza amana yako imekatiwa bima au la, na kinga inaishia shilingi ngapi. Tanzania tunayo Bodi ya Bima ya Amana. Hili nitalirudia kila siku mpaka watu wachoke kunisikia.

Dhana: Matajiri walijirusha madirishani kwa mamia

Oktoba na Novemba 1929 watu waliojiua Marekani walikuwa wachache kuliko miezi ya kiangazi ya mwaka huohuo. Vifo hivyo vilipanda polepole nchini na kufikia kilele 1932, kazi zilipokuwa zimekwisha.

Dhana: Hoover, rais aliyemtangulia Roosevelt, alikaa tu

Aliwasihi waajiri wasikate mishahara, na mwaka 1932 akaunda shirika la serikali la kukopesha benki na reli. Alichokataa ni serikali kuu kuwagawia wenye njaa fedha mkononi, na kwa hilo simtetei.

Dhana: Roosevelt alipoingia, shida ikaisha

Uchumi ulikua kwa miaka minne, kisha 1937 serikali ikabana matumizi mapema mno, na mamilioni wakapoteza kazi tena. Ajira zilijaa kweli pale viwanda vya vita vilipoanza kazi.

Dhana: Shida haikuchagua mtu

Ilichagua. Katika baadhi ya miji karibu nusu ya Wamarekani weusi hawakuwa na kazi. Watu wenye asili ya Meksiko walisafirishwa kwa malaki kwenda Meksiko, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani. Na sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, inayosifiwa hadi leo, iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, kazi zilizowaajiri weusi wengi wa Kusini. Yule mpishi wa Atlanta alisubiri hadi miaka ya 1950.