Mshono wa mzazi huanza kulindwa kabla ya kisu

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huweza kuruhusiwa kwenda nyumbani mshono ukiwa mkavu, na usaha ukaanza kutoka takribani wiki moja baadaye. Ndiyo maana maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku ya 30. Kwa sisi tunaohudumia wazazi Mwanza, ambako mama huweza kupanda boti kurejea visiwa vya Ukara au Kome, maana yake ni kwamba kidonda huharibika mbali na macho yetu, na kinga yote tunayoweza kuitoa kwa mikono yetu inapaswa kuwa imekwisha kutolewa kabla hajaondoka.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wanawake waliojifungua kwa upasuaji katika Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ulikuta kwamba takribani mmoja kati ya kumi alipata maambukizi. Miongoni mwa waliokuwa hatarini zaidi ni wenye upungufu mkubwa wa damu, wenye shinikizo la damu la ujauzito, waliopimwa njia ya uzazi mara nyingi wakati wa uchungu, na ambao upasuaji wao ulichukua muda mrefu. Upungufu wa damu naupa uzito wa pekee, kwa sababu kandokando ya ziwa malaria, minyoo na kichocho hukutana katika mwili mmoja. Vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki ni sehemu ya kinga ya mshono, ingawa wengi huviacha kwa sababu ya kichefuchefu.

Jambo ambalo ningependa ndugu wa mgonjwa walielewe ni dawa ya kuua bakteria. Dozi moja ikichomwa ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa, dawa huwa imeshafika kwenye nyama wakati kisu kinapita. Zamani tulisubiri hadi kitovu cha mtoto kikatwe, kwa kuhofia dawa isimfikie, lakini Shirika la Afya Duniani linapendekeza itangulie. Vidonge vya siku saba ambavyo familia hukopa fedha kuvinunua, hata pale mama asipokuwa na dalili yoyote ya maambukizi, haviwezi kufidia dozi iliyochelewa, na huwafundisha bakteria kuizoea dawa. Kwa maoni yangu, fedha hiyo ingenunua sabuni na chakula. Aliyejifungua kawaida bila matatizo hahitaji dawa hizo hata kama ameongezewa njia, yaani kukatwa kidogo ili mtoto apite, isipokuwa msamba ukichanika hadi kwenye misuli ya haja kubwa.

Nyumbani, kazi ngumu ni kukanda. Mama mkwe au bibi huchovya kitambaa katika maji ya moto sana na kulikandamiza tumbo ili, kama wasemavyo, damu chafu itoke. Nia ni njema, lakini joto hilo huunguza ngozi, unyevu hulainisha mshono, na mkandamizo huweza kuufumua. Sioni faida ya kumgombeza mtu mzima mbele ya mkwewe, huwa nasema, “Mama, mlishe uji na samaki, mkande miguu na mgongo kwa maji ya uvuguvugu, tumbo utuachie hadi mshono ufunge.” Mara nyingi hukubali, kwa kuwa amebakiziwa kazi.

Maji ya kusafishia kidonda yakitoka ziwani yachemshwe, yapoe ndani ya chombo kilichofunikwa, na anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kwanza. Majivu, dawa za majani na unga wa vidonge visiwekwe juu ya mshono. Vipande vya kanga vinavyotumika kama pedi vifuliwe kwa sabuni, vianikwe juani hadi vikauke kabisa badala ya kufichwa chini ya kitanda kwa aibu, kisha vipigwe pasi.

Homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, wekundu unaotambaa, usaha, mshono kuachia au uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya: lolote kati ya hayo ni sababu ya kwenda kituoni siku hiyo hiyo, bila kupitia duka la dawa. Kwa wanaoishi visiwani napendekeza wodi iandike namba ya simu ya familia kabla ya kumruhusu mama, na muuguzi apige siku ya saba kuuliza habari za mshono.