Kabla hujachomoa rauta, angalia taa kwanza

Kwenye kitengo chetu cha TEHAMA hapa chuoni Mbeya simu nyingi tunazopokea ni "mtandao hamna", ukimuuliza mtu taa gani inawaka anakujibu zinawaka tu zote, na hapo ameshazima na kuwasha hadi amechoka.

Taa ya POWER haina mambo mengi. Ikiblinki dakika moja mbili ukishawasha ni kawaida, programu inapanda, ila ikikaa hivyo nusu saa shuku adapta, maana umeme ukikatika na kurudi kwa fujo adapta ndo huwa zinaumia, au basi programu ya ndani imeharibika.

Wenye faiba nyie angalieni taa za PON na LOS. PON ikitulia kijani kifaa kimeshatambuliwa na mtambo wa kampuni, ikiblinki bado kinahangaika kuunganishwa. LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga hauingii kwenye kifaa, na mwanga ndo unabeba intaneti yenyewe, kwa hiyo hata uzime uwashe mpaka kesho hupati kitu. Labda wamechimba mtaro huko Uyole wakakata kebo, au wewe mwenyewe umesukuma kabati ukaikunja, ndani mle kuna uzi wa kioo kona kali hauzitaki. Hakikisha kichwa cha kebo kimeingia vizuri halafu piga kwa kampuni. Na usikichungulie, mwanga unaoshuka kutoka kwa kampuni ni wa nanomita 1490, jicho haliuoni kabisa na wala sio wa kuchezea.

Inayodanganya wengi ni ya waifai. Hiyo inasema tu rauta inarusha mawimbi, haijui kama bando limeisha au laini ya nje imekufa, ndo maana simu inashika vijiti vyote na meseji ya WhatsApp haiendi. Intaneti ina taa yake, mara nyingi ina kamchoro ka dunia.

Rangi nazo zinatofautiana. UniFi kwa mfano, hiyo ni chapa ya vifaa vya waifai, taa ikitulia nyeupe inasubiri kuingizwa kwenye mfumo, ikitulia bluu iko kazini, so kijitabu msikitupe na boksi.

Halafu jamani kale katundu ka RESET tuheshimiane! Ukikabonyeza sekunde kama 10 settingi zote zinafutika, za kampuni humo humo, tatizo moja la waya linageuka mawili.

Ukitupigia tutumie na kavideo kafupi ka taa, picha haionyeshi kama inablinki, na maandishi ya chini ya taa yasomeke.