Ridhaa ya manusura mwenye ulemavu: maana yake

Ridhaa ni kukubali kwa mtu mwenyewe, baada ya kuelezwa kwa njia anayoielewa nini kitafanyika, kwa nini, na kwamba anaweza kukataa. Kwa manusura wa ukatili wa kingono mwenye ulemavu, panapoharibika ni hapo kwenye "njia anayoielewa". Anafika na mjomba au jirani, daktari anamuuliza aliyemleta, aliyemleta anajibu, fomu inasainiwa. Hiyo si ridhaa. Tena yawezekana aliyemleta ndiye aliyemtenda, au anamficha aliyemtenda, kwa hiyo manusura mwenyewe muulizeni faragha.

Ridhaa huombwa kila hatua: mahojiano, uchunguzi, sampuli, picha. Aliyekubali dawa hajakubali kuguswa sehemu za siri.

Kiziwi aitiwe mkalimani wa lugha ya alama asiye ndugu yake. Kuandikiana kunafaa kama anasoma. Si kila kiziwi alipata shule. Asiyeona atajiwe waliomo chumbani, asomewe fomu yote, apapase kifaa kabla hakijatumika. Mwenye ulemavu wa akili apewe sentensi fupi, moja moja, kisha aeleze alichoelewa kwa maneno yake au kwa picha. "Ndiyo" mfululizo isiwaridhishe: wengi wamezoeshwa kumkubalia kila mkubwa. Mwenye kiti mwendo aulizwe anabebwaje kupandishwa kitandani, asinyanyuliwe ghafla.

Muda nao unabana. Dawa kinga za VVU zianze ndani ya saa 72 na kumezwa kila siku kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa ndani ya siku 5, mapema zaidi ndiyo bora. Mkalimani akichelewa, mpigieni simu ya video; haraka isiwe kisingizio cha kumruka manusura. Matibabu ya dharura nayo yasingoje PF3, ile fomu ya polisi. Asioge kabla ya uchunguzi ikiwezekana, na nguo zitunzwe kavu kwenye bahasha ya kaki, maana ndani ya mfuko wa plastiki unyevu huharibu ushahidi.

Dar es Salaam, Hospitali ya Amana, Ilala, ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo tiba, ushauri nasaha, ustawi wa jamii na polisi hukutanishwa ili manusura asizungushwe mjini. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inamruhusu asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au ishara. Kwa hiyo andikeni kwenye jalada tangu siku ya kwanza anawasilianaje na nani alimtafsiria.